Thamani ya Mali Inayofanyiwa Kazi Katika Kiwanda cha Mwingine

(Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya ushirika, Tanga)



Na tuchukue mfano wa chama cha ushirika kilichonunua majora mia moja ya marekani, yaani kitambaa cha pamba ambacho bado hakijang'arishwa wala kutiwa rangi. Chama hicho hakina mtambo wa kupiga chapa. Kwa hiyo majora yanapakiwa katika lori na kupelekwa kwa mwenye kiwanda, naye anayang'arisha, anayatia rangi, anayapiga chapa ya kanga, kisha anayarudisha na kudai ujira wake. Njiani nguo haikuuzwa wala haikununuliwa; ilitoka ikiwa mali ya chama na ikarudi ikiwa mali ya chama. Sasa inafika siku ya kodi, na swali linaulizwa: thamani inayopaswa kutozwa kodi ni ipi? Je, ni ule ujira peke yake? Ni ujira pamoja na bei ya marekani? Au ni bei ile ambayo kanga zitauzwa sokoni Ngamiani?

Majibu hayo matatu yako mbalimbali kwa fedha nyingi. Tuseme jora moja la marekani lilinunuliwa kwa shilingi 60,000, ujira wa kiwanda ni shilingi 20,000, na kanga zinazotoka katika jora hilo zitauzwa dukani kwa shilingi 110,000. Hesabu hizi ni za mfano tu, lakini zinaonyesha jambo lenyewe. Kodi ya sehemu moja katika kumi itakuwa shilingi 2,000 kwa jibu la kwanza, shilingi 8,000 kwa jibu la pili, na shilingi 11,000 kwa jibu la tatu. Kwa majora mia moja, pengo kati ya jibu la kwanza na la tatu ni shilingi 900,000, na hakuna chama ambacho fedha hizo hutoka mahali pengine isipokuwa katika malipo ya wanachama.

Mtu aweza kusema kwamba mambo haya ni ya wafanyabiashara wakubwa wa nguo, wala hayamhusu katibu wa chama cha wakulima kilichoko Korogwe au Muheza. Maneno hayo si sahihi. Swali la marekani na kanga ndilo lile lile la jani la mkonge na korona. Popote ambapo mali ni ya mmoja na mashine ni ya mwingine, swali hili lipo, hata kama bado hakuna aliyeliuliza.

Zamani katika pwani hii swali hilo halikuwa na nafasi ya kuzuka. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Daktari Richard Hindorf, Mjerumani, na miche 62 iliyonusurika safari ndefu ya bahari ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Tangu hapo, kwa vizazi kadhaa, shamba, reli ndogo ya kubebea majani, korona, brashi na mashine ya kufungia marobota vyote vilikuwa vya mwenye shamba mmoja. Jani liliingia mlango mmoja likatoka robota mlango wa pili, na thamani ya katani ilikuwa ile bei aliyouza mwenye shamba. Hata mwaka 1967, mashamba mengi yalipotaifishwa, sura hiyo haikubadilika. Aliyebadilika ni mwenye mali. Mabadiliko yenyewe yalikuja miaka ya mwisho ya 1990, mashamba ya umma yalipobinafsishwa na wakulima wadogo wakaanza kupewa maeneo ndani ya mashamba ya zamani ili wapande mkonge wao. Hapo ndipo jani likawa la mkulima na korona ikabaki ya mwingine. Vyama vya wakulima wa mkonge katika wilaya ya Korogwe vilizaliwa ndani ya hali hiyo, na ndiyo maana makatibu wao wanapaswa kuijua hesabu hii kuliko makatibu wa mazao mengine.

Nchi iliyolichambua swali hili mahakamani kwa kina sana ni India, na inafaa kulifuata hadi huko kabla ya kurudi nyumbani. Kazi ya nguo India imegawanyika mno. Mmoja hununua uzi, wa pili hufuma, wa tatu hung'arisha na kupiga chapa, na mchuuzi mwenye mtaji hubaki mwenye mali tangu mwanzo hadi mwisho bila kumiliki hata mtambo mmoja. Mji wa Jetpur, katika jimbo la Gujarat, ni mmojawapo wa miji inayojulikana kwa kupiga chapa kanga na vitenge vya kuletwa Afrika Mashariki. Basi si ajabu kwamba doti inayofungwa kiunoni Pangani imetoka katika viwanda vya jimbo lile lile lililozua ubishi unaoelezwa hapa.

Ubishi ulianza hivi. Ushuru wa bidhaa, kama jina lake lilivyo, hutozwa kwa sababu bidhaa imetengenezwa nchini. Mwaka 1979 Mahakama Kuu ya Gujarat, katika shauri la Vijay Textiles, iliamua kwamba kung'arisha nguo, kuitia rangi na kuipiga chapa hakuzai bidhaa mpya. Nguo iliingia kiwandani na nguo ndiyo iliyotoka. Wenye viwanda walishangilia, na haikushangaza, kwa maana hukumu hiyo iliondoa bei ya marekani katika hesabu ya ushuru wao. Serikali ya India haikungoja. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo ilitoa amri ya dharura, na mwaka 1980 Bunge likapitisha sheria iliyotamka kwamba kazi hizo ni utengenezaji, nayo ikaelekezwa nyuma ili ihusu hata miaka iliyokwisha kupita. Sheria ya kodi kuelekezwa nyuma ni jambo zito, kwa sababu mtu aliyekwisha kufunga vitabu vyake hulazimika kuvifungua upya na kutafuta fedha ambazo hakumtoza mteja wake. Hata hivyo, mwaka 1985, katika shauri la Empire Industries, Mahakama ya Juu ya India iliithibitisha sheria hiyo.

Wapiga chapa hawakukubali kushindwa. Walirudi tena katika shauri la Ujagar Prints, lililoamuliwa na majaji watano mwezi wa Novemba 1988. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka, na kila mwenye mashine ya kukodisha angeitoa. Walisema: nguo si yetu, hatukuinunua na hatutaiuza, kinachoingia mfukoni mwetu ni ujira tu, iweje tutozwe ushuru kwa thamani ya mali ya watu wengine?

Mahakama iliwajibu kwamba ushuru wa bidhaa haumwangalii mtu kama ni mwenye mali au siye. Huangalia kitendo cha kutengeneza na kitu kilichotengenezwa. Jambo hili hufahamika vizuri zaidi kwa mfano wa fundi cherehani. Mteja humpelekea fundi kitambaa chake ili ashonewe kanzu. Fundi hulipwa ujira wa kushona, lakini kilichotoka chini ya sindano yake ni kanzu, na kanzu ina thamani ya kanzu. Haiwezekani kusema kwamba kanzu ile ina thamani ya uzi na mshono peke yake kwa kuwa kitambaa kilikuwa cha mteja. Kwa hiyo, ikiwa kodi ni ya kanzu, hesabu yake lazima iingize kitambaa.

Lakini Mahakama iliweka mpaka pia, na mpaka huo ndio wenye faida kwetu. Hesabu iishie kwenye lango la kiwanda. Ichukuliwe kana kwamba mpiga chapa mwenyewe ndiye anayeuza nguo ile hapo langoni. Ihesabiwe bei ya marekani ilipomfikia, iongezwe thamani ya kazi aliyofanya, ziongezwe gharama na faida yake ya kiwanda, basi. Faida atakayoipata mchuuzi baadaye kwa kuisafirisha, kuiweka ghalani na kuiuza dukani haimo, kwa sababu faida hiyo imezaliwa na biashara, haikuzaliwa na utengenezaji. Watu walipoendelea kubishana juu ya maana ya hukumu, Mahakama ilitoa ufafanuzi mwezi wa Januari 1989 kwa hesabu ambayo hata mtoto wa shule ya msingi aweza kuifuata: marekani ikiwa ya rupia 20, kazi rupia 5, gharama na faida ya mpiga chapa rupia 5, thamani ya kutozwa ushuru ni rupia 30. Mchuuzi akienda kuiuza kwa bei kubwa zaidi, hilo ni lake.

Kwa kodi ya utengenezaji, jibu hilo la katikati ndilo la haki kuliko mengine mawili. Lingetumika jibu la kwanza, mwenye kiwanda aliyenunua marekani yake mwenyewe angelipa ushuru mkubwa kuliko jirani yake anayefanya kazi hiyo hiyo kwa ujira, na punde kila mtu angejifanya mfanyakazi wa ujira. Lingetumika jibu la tatu, nguo mbili zilizotoka katika mtambo mmoja, siku moja, kwa rangi moja, zingetozwa tofauti kwa sababu tu mchuuzi mmoja ana duka zuri kuliko mwenziwe.

Imebaki taabu moja, nayo haikumalizwa na majaji. Mpiga chapa ndiye anayedaiwa ushuru, lakini hajui marekani ilinunuliwa kwa bei gani; anayejua ni mwenye mali. Ikabidi mwenye mali atoe tamko la maandishi kumpa mpiga chapa, na mpiga chapa alipe ushuru kwa kulifuata tamko hilo. Hapo ndipo penye hatari. Tamko likiwa la chini kuliko kweli, afisa wa ushuru humrudia mpiga chapa, na mpiga chapa humrudia mwenye mali, au huizuia mali yake iliyobaki kiwandani mpaka deni liishe. Mtu mmoja ameandika, mwingine amelipa, na wa tatu ndiye anayekagua. Katibu wa chama akumbuke kwamba katika mpango wa namna hii sahihi yake ni sawa na dhamana.

India yenyewe haikusimama hapo. Kwa kanuni zilizoanza Aprili 2007, bidhaa zinazotengenezwa kwa ujira kwa niaba ya mwenye mali zilianza kukadiriwa kwa bei anayouzia mwenye mali huyo. Yaani jibu la tatu lilichukua nafasi ya la pili. Kisha tarehe 1 Julai 2017 India ilianza kodi mpya ya bidhaa na huduma, na kazi ya ujira ikahesabiwa kuwa huduma. Kodi ikawa juu ya ujira, na mali ikaruhusiwa kwenda na kurudi kwa hati maalumu bila kutozwa, mradi irudi kabla ya mwaka kwisha. Kwa miaka chini ya arobaini nchi moja imepita majibu yote matatu. Mwenye kutafuta thamani ya mali kwa mizani peke yake hataipata. Hana budi kuuliza kwanza ni kodi gani inayodaiwa.

Turudi nyumbani. Tanzania pia ilikuwa na kodi iliyofanana na hiyo kwa tabia. Kodi ya mauzo, iliyoanza mwaka 1969, ilitozwa hasa kiwandani na bandarini, na iliendelea mpaka ilipoondolewa kupisha Kodi ya Ongezeko la Thamani iliyoanza kutozwa tarehe 1 Julai 1998. Sheria inayotumika Tanzania Bara leo ni ile ya mwaka 2014, iliyoanza kazi Julai 2015, na kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Kwa katibu wa chama kinachopeleka mali yake kufanyiwa kazi nje, kodi hii ndiyo itakayomgonga hodi mara nyingi kuliko ushuru wa bidhaa.

Tabia ya kodi hii ni nyingine. Haiulizi kitu kilichotengenezwa kina thamani gani. Huuliza nani amempa nani nini, na kwa malipo gani. Mwenye kiwanda aliyepokea marekani ya chama na kuirudisha ikiwa kanga ametoa huduma, na malipo ya huduma ni ujira. Asilimia 18 huhesabiwa juu ya ujira. Kwa jora la mfano wetu ni shilingi 3,600, na jumla ya gharama ya chama ni shilingi 83,600.

Sasa tazama jinsi karatasi moja inavyoweza kuiharibu hesabu hiyo. Karani wa ghala, kwa kuzoea au kwa haraka, anaandika ankara ya mauzo badala ya hati ya kupelekea mali: "Tumemwuzia mwenye kiwanda majora 100 kwa shilingi 60,000 kila moja." Kiwanda nacho, kwa kulinganisha vitabu vyake, kinaandika kwamba kimekiuzia chama kanga za shilingi 80,000 kwa kila jora. Fedha zilizopita kati yao ni zile zile. Mali ni ile ile. Lakini kwa vitabu sasa pana mauzo mawili kamili, na kiwanda kilichosajiliwa kinapaswa kutoza asilimia 18 ya shilingi 80,000, yaani shilingi 14,400 kwa jora moja. Gharama imepanda toka shilingi 83,600 mpaka 94,400. Kwa majora mia moja, kalamu ya karani imekigharimu chama shilingi 1,080,000.

Chama kilichosajiliwa kwa kodi hii kitajibu kwamba hakijapoteza kitu, kwa kuwa kodi kilichotozwa kitaidai au kuikata katika kodi kinayokusanya kwa mauzo yake. Jibu hilo lina ukweli, ingawa hata hapo fedha hulala nje kwa muda, na chama chenye mkopo wa benki kinajua riba ya fedha iliyolala. Lakini vyama vidogo vingi, na hasa vikundi vya washonaji na wafumaji, havijasajiliwa. Kwao kodi iliyotozwa ni gharama isiyorudi. Wanachama wataiona katika bei ya kanga zao zisizouzika, bila kujua kwamba chanzo chake ni neno moja lililoandikwa vibaya juu ya hati.

Kwa upande wa mkonge jambo hili lina sura ngumu zaidi, kwa sababu marekani huingia kiwandani jora moja na kutoka jora moja, lakini jani la mkonge hupotea karibu lote. Katika kila kilo mia za majani hutoka kilo tatu au nne za katani kavu. Kwa maneno mengine, tani moja ya katani hula tani 25 za majani ikiwa mavuno ni asilimia 4, na zaidi ya tani 33 ikiwa ni asilimia 3. Kilichobaki ni maji, makapi na nyuzi fupi. Basi tofauti ya asilimia moja tu katika mavuno ya korona ni robo nzima ya mali ya mkulima, na tofauti hiyo inaweza kuletwa na visu vya korona visivyonolewa au kurekebishwa, na majani yaliyokaa juani siku mbili kwa kukosa trekta, au na mizani. Hakuna kodi itakayokadiriwa vizuri, wala ujira utakaolipwa kwa haki, ikiwa majani hayakupimwa yakiingia na katani haikupimwa ikitoka. Mwanachama akimwuliza katibu, "Majani yangu tani 50 yametoa marobota mangapi?", jibu lisiwe la kukisia. Kwa asilimia 4 ni tani 2, yaani marobota manane ya kilo 250. Kwa asilimia 3 ni marobota sita. Marobota mawili ni ada ya shule ya mtoto.

Pana desturi nyingine inayohitaji uangalifu. Mahali pengine mwenye mtambo halipwi fedha. Hukata sehemu ya katani ikawa ndiyo ujira wake. Makatibu wengine hawaandiki kitu chochote kwa sehemu hiyo, wakidhani kwamba pasipo fedha hapana malipo. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani haioni hivyo. Malipo ya vitu ni malipo, na hukadiriwa kwa bei ya soko ya vitu hivyo. Katani iliyobaki kwa mwenye korona iandikwe kwa uzito wake, kwa daraja lake, maana katani ya 3L haina bei moja na UG, na kwa bei ya siku ile. Bila hivyo chama hakiwezi kujua kama kinalipa ujira mdogo au mkubwa, na afisa wa kodi akija atajikadiria mwenyewe. Makadirio ya afisa asiyeona daftari hayapungui.

Na makapi je? Kwa miaka mingi yalimwagwa mitoni, na hakuna aliyeuliza ni ya nani. Lakini huko Hale, katika miaka ya 2000, ulijengwa mtambo wa majaribio wa kuzalisha gesi na umeme kutokana na mabaki ya mkonge. Kitu kinachoweza kuwasha taa si takataka tena. Nyuzi fupi nazo zina wanunuzi wake. Mkataba ukinyamaza, mabaki hayo hubaki kwa mwenye mtambo kwa mazoea, na kwa kweli huwa ni nyongeza ya ujira ambayo chama kimelipa bila kujua. Kama chama kimekubali mabaki yabaki kiwandani, na iandikwe hivyo, na ujira upunguzwe kwa kadiri ya thamani yake. Kama hakikukubali, na iandikwe kwamba ni mali ya chama.

Kuhusu mali inayovuka mpaka maneno machache yatatosha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 hukadiria mali inayoingia kwa bei halisi iliyolipwa. Lakini ikiwa mnunuzi alimpa mtengenezaji wa nje vitu bure, au kwa bei ya chini, kama vile uzi, kitambaa au vifungo, ili atengenezee mali ile, thamani ya vitu hivyo huongezwa. Chama kinachopeleka kitambaa chake ng'ambo kupigwa chapa kisidhani kwamba kikirudi kitatozwa ushuru kwa ujira peke yake kwa sababu tu kitambaa kilitoka Tanga. Sheria hiyo ina mpango wa mali inayotolewa nje kwa muda ili ifanyiwe kazi na kurudishwa, na ndani ya mpango huo mali iliyotoka nchini haitozwi mara ya pili. Lakini idhini huombwa forodhani kabla mali haijapakiwa melini. Ikiombwa baada ya meli kuondoka, hakuna wa kuthibitisha kwamba kitambaa kilichorudi ndicho kile kilichokwenda. Mnamo mwaka 2005, Umoja wa Forodha ulipoanza, kanga, vitenge na vikoi viliwekwa katika orodha ya bidhaa nyeti zenye ushuru wa asilimia 50, kwa hiyo kosa la namna hii katika mali hizo si la kuvumilika.

Inabaki kueleza namna ya kuandika. Mkataba na mwenye kiwanda useme waziwazi kwamba mali ni ya chama wakati wote, tangu inapoingia langoni mwake mpaka inapotoka, na kwamba yeye analipwa ujira wa kazi. Useme upungufu unaokubalika ni kiasi gani kwa kila mia, na ukizidi ni nani atakayeulipa. Useme kodi ikidaiwa itakuwa juu ya nani, na kama mwenye kiwanda anaruhusiwa kuizuia mali kwa ajili ya deni. Mikataba mingi husahau kipengele hiki, na chama hukigundua siku lori linaporudi tupu. Mali ipelekwe kwa hati ya kupelekea mali, kamwe si kwa ankara ya mauzo, na juu ya hati yaandikwe maneno "kwa kufanyiwa kazi na kurudishwa". Katika daftari la ghala mali iliyoko kwa mwingine isifutwe. Ihamishiwe ukurasa wake wenyewe, ili mkaguzi wa COASCO anapofika aikute ikihesabiwa kuwa mali ya chama hata kama haimo ghalani. Makosa mengi ya mizania huanzia hapa: mali imo katika vitabu vya kiwanda, haimo katika vya chama, na mwisho wa mwaka chama kinaonekana maskini kuliko kilivyo.

Ankara ya kiwanda nayo ikaguliwe kabla ya kulipwa. Itaje ujira, na kodi juu ya ujira, na iambatane na stakabadhi ya mashine ya kodi. Ikitaja bei ya nguo nzima, irudishwe siku hiyo hiyo kwa barua, na nakala ya barua iwekwe jaladani, kwa sababu ankara iliyokaa muda mrefu bila kupingwa huweza kuchukuliwa kuwa imekubaliwa.

Mwenye kiwanda akihitaji tamko la thamani ya marekani au ya majani, tamko hilo lisitolewe kwa simu wala kwa mdomo wa dereva. Liandikwe kwa kufuata stakabadhi za ununuzi, litiwe sahihi na katibu pamoja na mjumbe mmoja wa bodi, na liwe la tarehe ya kupakia, kwa maana bei ya Januari siyo ya Juni. Nakala moja ibaki jaladani, ya pili apewe mwenye kiwanda, na ya tatu isafiri na lori hadi karani wa mizani wa kiwanda aandike juu yake uzito au idadi aliyoipokea, kisha irudi chamani na dereva yule yule.